Mashine ya Bisi ya Mtindo wa Sinema Nyumbani: Kuinunua, Kuitumia na Kuisafisha Kwenye Baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Fungua mashine ya bisi iliyolala wiki mbili bila kusafishwa, Mbeya, mwezi wa saba. Utakuta mafuta yameganda kwenye kuta zake kama nta ya mshumaa, kikorogeo kimenata kwenye sufuria, na kwenye droo ya chini panya ameshapita. Ukiiwasha hivyo hivyo, baada ya dakika mbili nyumba nzima inanuka mafuta yaliyoungua, na lawama zote zinamwendea aliyeuza mashine. Kosa ni la mafuta ya juzi ambayo hayakufutwa yakiwa bado vuguvugu. Ukilielewa hilo, mengi yaliyomo humu yatakuwa rahisi.

Kilichomo ndani

Mashine hii ni kabati la kioo lenye sufuria ndogo inayoning'inia juu. Muundo wake ni wa zamani: Charles Cretors wa Chicago alionyesha mashine yake ya kukaangia bisi kwenye mafuta, ikiendeshwa kwa mvuke, katika maonyesho ya dunia yaliyofanyika mjini humo mwaka 1893, na kanuni haijabadilika sana. Faida yake kwako ni kwamba hakuna maajabu ndani. Fundi anayetengeneza pasi na majiko ya umeme ataielewa akiifungua.

Chini ya sufuria, ndani ya ganda lake, kuna koili ya kupasha moto na thamostati ya kuzuia joto lisizidi. Waya wa sufuria una plagi yake inayochomekwa kwenye dari ya kabati, ili uweze kuitoa sufuria nzima. Juu kuna mota ndogo inayozungusha kikorogeo, na sufuria imefunikwa kwa vifuniko viwili vya bawaba ambavyo bisi zenyewe huvisukuma zikijaa. Pembeni kuna mpini wa kuinamishia sufuria. Sakafu ya kabati ina matundu, na chini yake kuna droo inayopokea makombo na punje zilizogoma kupasuka. Swichi huwa tatu: moto, mota na taa. Taa si pambo tu, maana ndiyo inayotunza bisi zisipoe, na kwenye baridi yetu ina kazi nyingine ambayo tutaifikia.

Kununua na kusafirisha

Ukubwa hutajwa kwa wakia za mahindi yanayoingia kwa mkupuo mmoja. Kwa nyumba ya watu watano au sita, mashine ya wakia 4 (gramu 113) inatosha kabisa. Ile ya wakia 8 (gramu 227) hutoa karibu ndoo ya lita 10 kwa mkupuo. Hiyo ni ya mwenye wageni wengi, au anayeazimwa mashine na ukoo mzima kila kipaimara na kila ubatizo.

Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha nyuma. Kiwe na volti 220 hadi 240 na hezi 50. Mashine iliyotumwa na ndugu aliyeko Marekani huwa ya volti 110 hadi 120, na ukiichomeka kwenye soketi ya ukutani koili inaungua siku hiyo hiyo. Kifaa cha kupunguza volti kipo, lakini kwa mashine ya wati 1,400 kinatakiwa kiwe cha wati 2,000 au zaidi, na bei yake inakaribia kuumaliza utamu wa zawadi.

Zungusha kikorogeo kwa mkono: kinatakiwa kizunguke bila kukwaruza sakafu ya sufuria. Inamisha sufuria hadi mwisho na uirudishe mara kadhaa uone kama bawaba zimelegea. Chungulia plagi ya sufuria. Ikiwa na weusi au plastiki iliyoyeyuka, mashine hiyo imeshaungua mara moja na itaungua tena.

Wengi hununua Kariakoo na kuletewa kwa basi. Hapo mwambie muuzaji aitoe sufuria, aifunge peke yake kwa maboksi, na aiweke kwenye sakafu ya kabati au kwenye mzigo mwingine. Sufuria ikiachwa inaning'inia, kwenye kona za mlima wa Kitonga inageuka nyundo: inayumba na kugonga kioo mpaka mashine inafika Iringa ikiwa na upande mmoja tu mzima. Vioo navyo vizibwe kwa mkanda wa gundi katika alama ya msalaba, ili kikivunjika vipande visizagae.

Umeme

Wati 1,400 kwenye volti 230 ni kama ampia 6. Soketi ya kawaida ya ampia 13 inabeba bila shida. Shida huanzia kwenye ekstensheni nyembamba iliyochomekwa pia birika la umeme na pasi. Ipe mashine soketi yake ya ukutani yenye ethi inayofanya kazi. Kama lazima utumie ekstensheni, iwe fupi, yenye waya wa milimita mraba 1.5, na uifungue yote. Ekstensheni iliyoviringishwa kwenye gurudumu lake hupata moto yenyewe kwa yenyewe. Fyuzi ya plagi ikikatika, nunua fyuzi. Uzi wa waya uliokunjwa mahali pa fyuzi ndio unaochoma nyumba.

Kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, gharama yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mikupuo sita, pamoja na kupasha sufuria, ni kama nusu saa, yaani chini ya yuniti moja.

Kinachosumbua zaidi ni umeme mdogo wa saa moja hadi saa tatu usiku, kila nyumba ikiwa inapika. Nguvu ya koili haishuki sawa na volti. Inashuka kwa kasi zaidi. Volti zikitoka 230 hadi 190, koili ya wati 1,400 inabaki na kama wati 950. Mahindi yanapata joto polepole, unyevu ulio ndani ya punje unavuja kabla haujawa na nguvu ya kupasua, na nusu ya punje zinabaki chini. Watu hubadilisha mahindi mara tatu bila kujua kwamba dawa ni kupika saa kumi jioni. Ukiona taa za nyumba zimefifia, pika nusu ya kipimo, au subiri.

Mahindi

Mikoa yetu imejaa mahindi, kwa hiyo jaribu la kwanza la kila mtu ni kutia mahindi ya ugali. Hayafai. Punje ya bisi ni aina yake: ndogo, ngumu, yenye ganda linalong'aa na unga wa ndani unaofanana na kioo. Ikifika kama nyuzi 180 za selsiasi, maji yaliyomo ndani yanakuwa mvuke wenye kanieneo ya karibu mara tisa ya hewa ya kawaida, ganda linashindwa, na unga unachanua. Punje pana nyeupe ya shambani ina ganda dhaifu na unga laini, hivyo mvuke hupenya taratibu; unapata punje iliyokaangika na mpasuko mdogo, basi.

Na hili halina mjadala: usitie kwenye mashine mbegu za kupanda zilizobaki. Zile zenye rangi ya waridi au kijani zimetiwa dawa, na kuziosha hakuiondoi. Hata mahindi ya ghalani yaliyochanganywa na dawa ya unga ya kuzuia wadudu yaache huko huko.

Unyevu ndio siri ya bisi nzuri, na unatakiwa uwe asilimia 13.5 hadi 14. Kiangazi cha kwetu ni kikavu, na desturi ya kutundika mahindi juu ya moto jikoni, nzuri kwa mbegu na kwa kufukuza wadudu, huua bisi kabisa. Weka punje kwenye chupa ya kioo au ndoo yenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko.

Ili kupima, hesabu punje 100 na uzipike. Zikigoma tano au sita, mahindi ni mazuri. Zikigoma ishirini na zilizopasuka ni ndogo na ngumu, yamekauka. Chukua nusu kilo, tia vijiko viwili vya chai vya maji, funga chupa, tikisa kila baada ya saa chache siku ya kwanza, kisha iache siku tatu. Pima tena. Bado zinagoma? Ongeza kijiko kimoja cha chai na urudie. Usimwage maji mengi kwa pupa, kwa sababu punje yenye unyevu kupita kiasi hupasuka ikawa ya mviringo, ngumu, ya kutafuna kama mpira, na chupa ikikaa wiki mbili inaota ukungu. Yenye ukungu tupa, usijaribu kuyaokoa kwa kuyaanika.

Unaweza kupanda mwenyewe, lakini kwa tahadhari: chavua ya mahindi ya shambani ikiingia kwenye bisi, punje za msimu huo huo hazipasuki vizuri. Tenganisha mashamba au tofautisha wiki za kupanda, ili zisichanue maua pamoja.

Mafuta na chumvi

Hapa ndipo watu wa Iringa na Mbeya hukwama, kwa sababu ya kitu wanachokipenda: alizeti ya kukamua mtaani. Ni tamu kwa mboga. Kwenye mashine ya bisi ni balaa. Mafuta ya alizeti yasiyosafishwa huanza kutoa moshi karibu na nyuzi 107, wakati bisi zinahitaji 180. Yanafuka, yanatoa povu, na kile kilichobaki kinakuwa gundi ya kahawia ambayo utaisugua mwezi mzima. Mawese mekundu ya Kyela nayo ni vivyo hivyo. Tumia mafuta yaliyosafishwa: alizeti iliyosafishwa kiwandani huvumilia hadi kama nyuzi 230.

Mafuta ya nazi ndiyo yenye ladha ya sinema. Huganda chini ya nyuzi 24, maana yake Mbeya, Njombe na Makete yanakuwa donge karibu mwaka mzima. Yayeyushe kwanza kwa kuweka chupa kwenye maji ya moto, ndipo upime. Ukikata donge kwa kijiko na kulitupa ndani, kipimo kinakuwa cha kubahatisha.

Vipimo vya mashine ya wakia 8 ni hivi: mahindi gramu 227, ambayo ni kikombe cha mililita 250 kilichojaa na vijiko viwili vya kulia juu yake; mafuta mililita 80; chumvi laini kijiko kimoja cha chai. Kwa wakia 4 gawa nusu. Mafuta yakipungua punje huungua, na yakizidi hayazifanyi bisi kuwa tamu zaidi, yanaruka tu na kutua kwenye kioo yakikusubiri wewe na kitambaa.

Chumvi iwe laini kama unga. Ya mawe isage kwanza. Chembe kubwa hukaa chini ya kikorogeo na kukwaruza sufuria, na chumvi iliyobaki kwenye unyevu hula alumini hadi ikawa na vidoti.

Sukari usiitie humu. Watoto watakulilia, lakini sufuria hizi zina moto mkali kuliko sukari inavyoweza kuvumilia. Pika bisi za chumvi kidogo, kisha tengeneza shira kwenye sufuria ya kawaida na uzimwagie.

Kupika, hatua kwa hatua

1. Washa taa dakika 10 kabla, na uache mlango wa kabati wazi kidogo. Asubuhi ya baridi, kioo kikiwa baridi, mvuke wa bisi hugandia juu yake kama jasho, unarudi kwenye bisi, na zinakuwa laini kama jana. Kioo kikiwa vuguvugu hilo halitokei.

2. Washa moto wa sufuria peke yake. Dakika 4 hadi 5 kwa kawaida, 6 hadi 8 mwezi wa sita na wa saba. Usiiwashe mota kwanza: mabaki ya mafuta yaliyoganda hukishika kikorogeo, na mota ikilazimisha, gia yake ya plastiki inang'oka meno. Subiri dakika mbili za moto ndipo uwashe mota.

3. Tia mafuta, mahindi na chumvi kwa pamoja, funga vifuniko. Kama sufuria tayari inatoa moshi, usimwage mafuta. Zima, subiri ipoe kidogo.

4. Bisi za kwanza zitasikika ndani ya dakika moja na nusu hadi mbili. Kisha mvua.

5. Sauti zikiachana kwa sekunde mbili au tatu, zima moto na uinamishe sufuria mara moja. Kusubiri zile tatu za mwisho ndiko kunakounguza mia tatu zilizokwisha iva. Inamisha mara mbili, mota ikiwa inazunguka, ili sufuria itoke tupu.

6. Kama kuna mkupuo mwingine, washa moto tena na utie mara moja. Hakuna haja ya kupasha upya.

Umeme ukikatika katikati, usisimame kusubiri urudi. Sufuria bado ina moto, kikorogeo kimesimama, na kilichoko chini kinaungua. Inamisha kila kitu, hata kama nusu hazijapasuka. Zima swichi zote na uchomoe plagi, maana umeme huweza kurudi kwa kishindo.

Mfuniko mkubwa wa sufuria uwe karibu kila unapopika. Mafuta yakishika moto, zima ukutani na ufunike. Maji kwenye mafuta yanayowaka ni mlipuko.

Usafi wa kila siku

Una dirisha dogo. Baada ya mkupuo wa mwisho zima moto, chomoa plagi, na subiri dakika 20 hadi 30. Sufuria ikiguswa kwa nyuma ya kiganja iwe ya joto unaloweza kuvumilia, kama kikombe cha chai. Kabla ya hapo utaungua. Ukiiacha hadi kesho asubuhi, kwenye baridi ya huku, mafuta yameganda, na kazi ya dakika tano imekuwa ya nusu saa. Yakipikwa tena juu ya pale pale yanakuwa ganda gumu la kahawia, kisha jeusi, na hilo halitoki kwa sabuni.

Futa ndani ya sufuria kwa kitambaa kikavu cha pamba. Fulana ya zamani ni bora kuliko sponji. Kisha kitambaa chenye maji ya moto na tone la sabuni ya vyombo, kilichokamuliwa sana. Kisha kingine chenye maji matupu. Usisahau ukingo wa juu pale vifuniko vinapokaa, na upande wa chini wa vifuniko vyenyewe. Mafuta mengi yapo huko na hayaonekani ukiwa umesimama. Piga magoti utazame.

Vuta droo, mwaga punje zilizogoma, ioshe na uikaushe. Sakafu yenye matundu itoe nje na uigonge, punje hukwama kwenye matundu. Droo ikilala na makombo usiku mmoja, sisimizi wamejua. Ikilala mawili, panya amejua, na panya hapendi bisi peke yake, hutafuna na waya.

Kuta za kabati zinahitaji ujue ni kitu gani kwanza. Gonga kwa ukucha: kioo hulia kwa sauti kali na ni baridi mkononi, plastiki ngumu hutoa sauti nzito. Plastiki usiipake dawa ya kusafishia vioo wala spiriti. Hupata ukungu mweupe na nyufa ndogo zisizoondoka. Maji vuguvugu, tone la sabuni, kitambaa laini, na ufute kwa kuelekea upande mmoja, si kwa kuzungusha. Kioo hakina makuu, ila kisimwagiwe maji ya baridi kikiwa cha moto.

Usafi mkubwa wa sufuria

Fanya kila baada ya mikupuo 20 hadi 25, au pale unapoona rangi ya kahawia haitoki. Jua kwanza sufuria yako ni ya nini. Sugua sehemu safi ya ndani kwa kitambaa cheupe kilicholowa: alumini huacha weusi wa kijivu kwenye kitambaa, stenlesi haiachi kitu. Sumaku haikusaidii, stenlesi nyingi nazo haishiki. Yenye rangi nyeusi laini ndani imepakwa kitu cha kuzuia kunata, na hiyo haitaki kusuguliwa na chochote kigumu kuliko kitambaa.

Kwa alumini, magadi, kostiki soda na majivu ni marufuku. Vyote vitatu hung'arisha masufuria ya ugali kwa kula chuma chenyewe, na sufuria ya mashine ina ukuta mwembamba wenye koili nyuma yake. Stenlesi inavumilia bekingi soda.

Sufuria ikiwa imechomekwa mahali pake, jaza maji hadi sentimita mbili chini ya ukingo. Kwa stenlesi tia vijiko viwili vya kulia vya bekingi soda. Kwa alumini tia sabuni ya vyombo kijiko kimoja cha chai, au siki sehemu moja kwa maji sehemu tatu. Washa moto na mota. Maji yakianza kububujika, zima. Mbeya, kwenye mita kama 1,700, yanachemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo usisubiri mchemko mkali. Acha dakika 20, siki isizidi 10.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya mara moja: kuvuta ule mpini. Mkono umezoea. Lita nzima ya maji machafu inamwagika kwenye kabati, inapita kwenye matundu, inaingia kwenye swichi. Chota kwa kikombe hadi ibaki kidogo, kisha nyonya kwa kitambaa. Suuza mara mbili kwa namna hiyo hiyo.

Ganda lililolainika likwangue kwa mwiko wa mti uliochongwa ncha bapa. Waya wa kusugulia masufuria uweke mbali, nyuzi zake hukatika na zitaishia kwenye bakuli la mtoto. Kama ganda ni nene, rudia kesho. Raundi tatu za upole zinashinda moja ya hasira.

Kwa nje, chomoa umeme, acha ipoe kabisa, chomoa plagi ya sufuria na uitoe. Plagi hiyo ivishe pakiti tupu ya sukari na uifunge kwa rababendi. Kamwe usiitumbukize sufuria kwenye beseni, koili iko mle ndani. Futa kwa kitambaa chenye sabuni, suuza kwa kitambaa, kausha, na iache juani saa mbili. Ukiirudisha, iwashe dakika moja ikauke mpaka ndani, kisha ifute kwa tone la mafuta kama haina ule mpako mweusi.

Kikorogeo na bawaba huoshwa siku hiyo hiyo. Ekseli ikilia, ioshe kwanza. Mara nyingi ni chumvi na mafuta makavu tu. Ikihitaji kulainishwa, tia tone la mafuta ya kupikia. Grisi ya gari haina nafasi juu ya chakula.

Ikileta shida

Moshi tangu mwanzo, sufuria ikiwa safi: mafuta hayajasafishwa, au thamostati imekwama. Pika kwa mafuta mengine. Moshi ukiendelea, mpelekee fundi sufuria peke yake, usibebe kabati zima.

Bisi zenye weusi upande mmoja: kikorogeo hakizunguki au kimeinuka. Mota inanguruma bila kuzungusha? Zima haraka, kuna punje iliyobana. Mota iko kimya kabisa? Angalia swichi na waya kabla ya kununua mota.

Sufuria haipati moto lakini taa inawaka: chomoa na uchomeke upya plagi ya sufuria kwenye dari ya kabati, baada ya kuzima ukutani. Hulegea kwa kule kuinamishwa kila siku. Ikiwa imeungua meno, badilisha plagi na soketi yake pamoja. Ukibadilisha moja, ile ya zamani inaiunguza mpya.

Breka inakatika mara tu unapowasha moto, hasa baada ya mashine kukaa stoo masika nzima: koili imenyonya unyevu. Kuanzia Novemba hadi Aprili hilo ni la kawaida huku. Toa sufuria, ianike juani siku nzima, vifuniko vikiwa wazi, kisha ujaribu tena. Ikikata tena, kuna waya unaogusa mwili wa sufuria, na hapo usiichomeke kwenye soketi nyingine isiyo na ethi ili tu ipite. Ndiyo soketi itakayokurusha.